Tryphosa Nyanchoka na Kadi ya Ofisi

Wachungaji, wazee wa boma hili, majirani wa Kenyenya na wenzake mama kazini, mimi ni Linda Bitutu, kifungua mimba wa marehemu, nimepewa dakika kumi kwa sababu leo ni Ijumaa na kaburi lazima lifunikwe kabla Sabato haijaingia, kwa hivyo nitasoma haraka, ila kuna sehemu niliyoshauriwa niiruke, na hiyo sitairuka.

Tryphosa Nyanchoka alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Nyakoe, binti wa nne wa marehemu Mzee Haron Osoro, akaingia shule ya msingi mwaka wa 1979 na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1986, na kwa kuwa karo ya sekondari ilitoka kwenye majani chai, alichuma kila asubuhi kabla ya kwenda darasani, akafika na vidole vya kijani mpaka walimu wakazoea. Alimaliza kidato cha nne Novemba 1990, akasomea ukarani mjini Kisumu, akapata cheti chake mwaka wa 1993.

Tarehe 4 Septemba 1995 aliajiriwa na shirika moja la serikali, ambalo familia imeombwa isilitaje jina, akaanzia ofisi ya Nyamira, na mwaka wa 2004 akahamishiwa kituo cha Kisii, alikopanda ngazi hadi kuwa afisa wa ununuzi. Tarehe 22 Desemba 1996 alifunga ndoa kanisani na baba yetu, Andrew Onchiri, wa boma hili mlimoketi, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi mwaka wa 1998, Mose mwaka wa 2001 na Linet mwaka wa 2006.

Februari 2022 shirika lilianza kutoa kadi za benki kwa ununuzi mdogo mdogo, ili pesa taslimu zisikae kwenye droo, na kadi ya Kisii ikaandikwa jina la mama, kwa sharti kwamba isitoke mkononi mwake. Mama aliichukulia kadi ile kama mtoto mchanga, akaishonea kifuko cha kitambaa, na dereva wao, Sylvanus, yupo hapa, atawaambia jinsi mama alivyomrudisha kutoka Nyamira hadi Ogembo, mwendo mzima ule, kwa sababu mwenye duka alisahau kumpa risiti ya ndoo mbili. Walimcheka sana ofisini, naye alicheka nao, lakini risiti aliipata.

Sasa nafika pale.

Mkuu wa kituo cha Kisii alikuwa, na bado ni, babu yetu Jethro Momanyi, mdogo wa mwisho wa babu yangu mzaa baba, ambaye kwa umri angekuwa kaka wa mama, lakini kwa ukoo ni baba mkwe wake, na nyote mnajua chinsoni inavyotaka, kwamba baba mkwe na mke wa mwana waheshimiane kwa kuepukana, wasishikane mikono, wasibaki wawili katika chumba kidogo, na mwanamke asimjibu mzee kwa ubishi. Miaka yote ile walifanya kazi kwa mlango wazi, yeye akituma karatasi kwa katibu, mama akizirudisha kwa katibu, na hakukuwa na neno.

Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023 katibu hakuwepo, babu akaingia mwenyewe katika chumba cha mama na kumwomba kadi. Mama alipaswa kukataa, sheria ya kazi ilimtaka akatae, lakini hakuweza kumkatalia baba mkwe uso kwa uso, wala hakuweza kumkabidhi kitu mkono kwa mkono, basi aliiweka kadi juu ya meza, akatoka nje, akasimama kwenye veranda mpaka mzee alipoondoka. Namba ya siri ilikuwa imeandikwa ndani ya jalada la daftari la ununuzi, pale pale mezani, na hilo ni kosa lake, hatulifichi. Jioni hiyo kadi ililipa shilingi 184,600 kwa matairi manne na betri, wakati gari la ofisi lilikuwa limeinuliwa juu ya mawe tangu Agosti, halina hata injini.

Januari 2024 mama alisimamishwa kazi kwa nusu mshahara, akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, akatakiwa aandike maelezo, na kwenye karatasi nzima aliandika sentensi moja tu, kwamba aliiacha kadi mezani. Sisi watoto tulimkasirikia, mimi hasa, nilimwambia maneno ambayo leo ningelipa chochote kuyarudisha, kwa sababu hakutaka kutuambia ni nani, na alikataa kumtaja baba mkwe wake mbele ya wageni.

Shinikizo la damu lilimpata Machi mwaka huo, figo zikafuata, akawa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini Kisii. Babu alikuja kumtazama mara moja, akasimama koridoni, mama akasikia kikohozi chake, akavuta shuka akajifunika mpaka shingoni, akamheshimu vile vile. Tarehe 29 Mei alinieleza yote, na Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, saa nne asubuhi, akatuacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotuchumia chai tukiwa hospitalini, na wenzake kazini waliochanga kila mwezi bila kuombwa. Tunamshukuru pia babu Jethro, aliyetoa pikapu yake kumleta mama kutoka mochari, na matairi yake manne tumeyaona.

Wazee, naona mnatikisa vichwa, lakini Jumanne ijayo, tarehe 17, kamati inakaa kuamua faili ya mama, na asiposafishwa jina, rekodi itabaki kwamba Tryphosa aliiba, na marupurupu ya miaka ishirini na tisa yatapotea, na karo ya Linet pamoja nayo. Mama hawezi tena kuandika sentensi ya pili. Baba hawezi kumhoji baba yake mdogo. Mimi ni mjukuu, na mjukuu na babu hawana chinsoni, babu huyu ameniita mke wake tangu nikitambaa, tumetaniana maisha yangu yote, hivyo nina ruhusa ambayo mama hakuwa nayo.

Nimeandika barua ya mistari minne, inasema nani alichukua kadi siku ile, haikosi ila sahihi.

Mama, lala salama, umechoka. Babu, usisimame, nakuletea hapo ulipo, mkononi.