Mkanda wa Mwisho wa Mzee Mugendi

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Kanja na Manyatta, wageni mliotoka Nkubu na Meru mjini, na nyinyi mlioko kule nyuma ya hema ambao tangu asubuhi mnanong'onezana na kumkodolea macho mtu mmoja, familia inawaomba mtulie na mkae mpaka mwisho, kwa maana hii ndiyo historia ya Mugendi wa Mutugi, inayosomwa na mdogo wake Mwaniki, na ni marehemu mwenyewe aliyeagiza kwamba isipunguzwe.

Mugendi alizaliwa tarehe 11 Machi 1951 hapa Kanja, mtoto wa sita kati ya watoto saba wa Mzee Mutugi na Mama Igoki, ambao wametutangulia. Mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na mkoloni, kaka yao mkubwa Njeru alichukuliwa na askari akitoka mtoni na hakurudi tena, wala hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mama Igoki kama mwanawe alikufa, alikufaje, au alizikwa wapi. Mama aliishi na swali hilo maisha yake yote, akiinua kichwa kila mbwa walipobweka, na jambo hili linatajwa mapema kwa sababu litarudi.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka wa 1960 hadi 1966, akafanya mtihani wa darasa la saba na kuupita, lakini karo ya sekondari haikupatikana, akabaki nyumbani akichuma kahawa. Walimu wake walisema ana akili nyingi ila hamwamini mtu, na kusema vingine mbele ya jeneza lake ni kumsingizia. Mugendi alikuwa mtu wa kushuku. Aliishuku mizani ya kahawa, akawashuku makanga wa matatu, akaishuku saa ya mchungaji wetu, ambayo alidai hulala usingizi wakati wa mahubiri na kukimbia mbio wakati wa maombi ya wagonjwa, na kuna mwaka alimshuku hata jogoo wa jirani kwamba anawikishwa makusudi. Katika dunia hii alimwamini mtu mmoja tu, naye alikuwa Mhindi ambaye hakuwahi kukutana naye, yaani staring.

Vijana huenda hamjui staring ni nani. Ni yule mkubwa wa filamu za Kihindi, anayepiga watu kumi kwa mkono mmoja bila nywele kuharibika, anayeimba akizunguka bustani na msichana, na anayempenda mama yake kuliko kitu chochote. Marehemu aliajiriwa tarehe 1 Februari 1972 kufagia katika Sinema ya Roshni, Embu mjini, chini ya Bwana Kantilal, mwenye sinema, na mwaka uliofuata akapandishwa chumba cha juu kuendesha mashine. Filamu ilikuja kwa basi kutoka Nairobi ikiwa mikanda mingi ndani ya mikebe ya bati, ikaonyeshwa Embu Jumamosi na Jumapili, kisha ikapelekwa Meru wiki iliyofuata, na ingawa hakuna aliyejua Kihindi, hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Kulikuwa na staring mmoja mrefu mwenye suruali pana miguuni, ambaye watu wa soko walimbatiza Ndwiga, kwa kuwa alikuwa mrefu kama twiga, wakamchukua kuwa wa kwao, na akina mama walimwombea kabla hajaanza kupigana.

Siku ya Jumapili, mwezi wa Agosti 1975, Mugendi alimleta mama yake sinema kwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa filamu hiyo Ndwiga alipigwa risasi, akafa kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mama yake. Ukumbi mzima ulichafuka, vijana wakavunja viti wakisema wametapeliwa, maana staring hafi, lakini kilichomshinda Mugendi kule juu ni sauti ya Mama Igoki, aliyepiga nduru ya msiba akimwita Njeru kwa jina. Alilala kitandani wiki mbili. Alipoinuka alimwambia mwanawe neno moja, "Nionyeshe tena pale mwisho," na Mugendi, akidhani anamhurumia, alimjibu kwamba mkanda umeharibika.

Tangu siku hiyo, kwa miaka ishirini na mmoja, hakuna staring aliyekufa Embu. Filamu ambayo staring anapona, Mugendi aliionyesha yote, na ile ambayo staring anakufa, aliuacha mkanda wa mwisho ndani ya mkebe, akawasha taa pale Ndwiga anapoanguka huku anatabasamu, na watu wakatoka nje wakihakikishiana kwamba amepelekwa hospitali na anaendelea vizuri. Wengine walishuku, wakisema Bwana Kantilal anabana stima, na wengine wakaapa kwamba mtu wa mashine anawauzia watu wa Meru mwisho wa filamu. Bwana Kantilal naye alishuku, akauliza mara moja, akaambiwa mashine inatafuna, akaviangalia viti vyake vilivyo vizima na hakuuliza tena. Wazee kadhaa waliokaa hapa mbele bado wanabishana na wajukuu wao kwamba staring hafi, na leo familia inawaarifu, kwa masikitiko, kwamba hufa.

Aliyemkamata alikuwa msichana. Gladwell Karambu wa Nkubu, aliyekuwa akiuza vitambaa Meru mjini, alikuja Embu mwaka wa 1978 kumtembelea binamu yake Eunice, wakakosana vibaya juu ya filamu waliyoitazama kila mmoja mjini kwake, huyu akisema Ndwiga amekufa na yule akisema amepona. Karambu hakuwa mtu wa kuachia jambo hewani. Filamu nyingine ya aina hiyo ilipofika, aliitazama Embu Jumapili, akarudi Meru na kuitazama tena wiki iliyofuata, kisha akapanda gari hadi Embu, akapanda ngazi za chumba cha mashine bila kubisha, akasimama mlangoni na kusema, "Huyo mtu alikufa, mimi nimemlilia Meru mpaka kitambaa kikalowa, na huku mnasema ati ako hospitali. Nani alikula mwisho? Si ni wewe?" Mugendi, ambaye maisha yake yote alikuwa mshuku, alikuwa ameshukiwa na mtu kwa haki, akapenda. Walifunga ndoa kanisani Nkubu tarehe 8 Desemba 1979, na Mungu akawajalia watoto watatu, Mutugi mwaka wa 1981, Igoki, aliyepewa jina la nyanya yake, mwaka wa 1983, na Gatwiri mwaka wa 1987, na kwa desturi yetu marehemu hakumwita Igoki kwa jina bali alimwita Mama.

Mama Igoki mkubwa alifariki mwaka wa 1988 bila kuonyeshwa tena kile alichoomba. Sinema ilifungwa mwaka wa 1996 video zilipojaa mjini, na marehemu akarudi Kanja kwenye kahawa yake, akawa mwanakamati wa kiwanda, na kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kuugua akagombana na jirani yake Kiunga kuhusu mpaka, kila mmoja akidai mwenzake anausogeza mti wa mpaka, kana kwamba mti una miguu.

Mnamo Juni 2024 chakula kilianza kumkwama. Alitibiwa Embu, akapelekwa Nairobi, na tarehe 7 Novemba daktari aliwaita Igoki na Mutugi kando, akawaeleza kwamba baba yao ana kansa ya koo la chakula na kwamba imesambaa, haitatibika. Igoki, ambaye ni mwalimu huko Manyatta na amezoea kupanga mambo, alikata shauri palepale kwenye korido kwamba mzee asiambiwe, aambiwe ni vidonda vya tumbo, na watu wote wa nyumbani wakala kiapo, na mchungaji akaombwa, na majirani wa karibu wakadokezwa, wengine wakaambiwa ni vidonda. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alimpenda baba yake na hakutaka kumwona akiogopa.

Lakini unamfichaje mtu wa kushuku? Mzee alikaa kwenye kiti chake barazani akihesabu dalili. Mutugi, ambaye zamani alikuja Krismasi na Pasaka, sasa alifika kila Ijumaa. Mchungaji aliacha kubishana naye kuhusu saa. Gatwiri alicheka sana kwa vitu visivyochekesha, kisha akaenda kusimama nyuma ya jiko. Karambu alimpikia uji akautia maziwa ya kutia nguvu na kumtazama akimeza, kila funda. Jioni aliuliza mmoja baada ya mwingine, kwa upole, hivi vidonda vinapona lini, na kila mmoja alimjibu upesi mno. Dalili kubwa kuliko zote ilikuja mwezi wa Desemba, pale Kiunga alipoingia lango hili na mkungu wa ndizi begani, akautua, akasema, "Mzee, hiyo mpaka iwekwe penye unataka." Marehemu aliziangalia ndizi muda mrefu. Baadaye alimwambia mkewe, "Kiunga hawezi kuniachia hiyo mpaka nikiwa mzima. Ni nini mnajua?" Karambu, ambaye hadi hapo hakuwahi kumficha mumewe mwisho wa kitu chochote, aliinamisha kichwa akasema ni vidonda, na tangu siku hiyo hakula vizuri.

Tarehe 26 Desemba, saa tisa mchana, familia ilikuwa sebuleni. Mutugi alikuwa ameleta filamu ya zamani ya Ndwiga kwenye flashi, na mzee alikuwa amevikwa sweta, anatazama, anaonekana kufurahi. Risasi ikalia. Ndwiga akaanguka akitabasamu, mama yake akaanza kumkimbilia, na Igoki akainuka, akazima televisheni, akasema, "Baba umechoka, wacha upumzike."

Mzee hakupaza sauti, maana hakuwa nayo tena. Alisema, "Mama, hiyo kazi nimeifanya miaka ishirini na moja. Mtu akinikatia najua." Akasema tena, "Washa."

Igoki aliwasha. Wakamtazama Ndwiga akifa mpaka mwisho, kichwa mapajani mwa mama yake, wimbo wote, mpaka yale maandishi yakapita, na ilipokwisha mzee akauliza, "Sasa niambieni. Ni nini iko kwa hii koo yangu?" Igoki alipiga magoti mbele ya kiti chake akamwambia yote, jina la ugonjwa, umefika wapi, na daktari alisema miezi mingapi, huku analia. Mzee alilia pia, na hilo familia haioni haya kulisema. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu, kwamba mama yake alimwomba kuonyeshwa mwisho naye akamnyima, na kwamba miaka yote hiyo alidhani mama anaumwa na kile alichokiona, kumbe aliumwa na kile ambacho hakukiona, maana hakuna aliyemwonyesha mwisho wa Njeru, na pale sinema angalau alimwona kijana wa mtu akishikwa na mama yake.

Baada ya siku hiyo alipata amani ya ajabu, ingawa hakuacha kushuku. Aliita wazee, yeye na Kiunga wakapanda mti mpya wa mpaka katikati, kila mmoja akiukagua. Akaonyesha mahali hapa mnapopaona pamechimbwa. Na akamwagiza Mwaniki hivi, "Hawa watu nawajua, mimi ni mmoja wao. Mmewaambia ni vidonda. Nikifa watasema ni ndizi ya Kiunga. Usisome ati niliugua kwa muda mfupi. Soma yote."

Kwa hivyo tunasoma. Nyinyi mlioko nyuma ya hema, Mugendi hakulishwa sumu wala hakuwekewa kitu. Alikufa kwa kansa ya koo la chakula, hapa nyumbani, siku ya Jumatano tarehe 14 Mei 2025, saa mbili kasorobo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Igoki, na Karambu ameshika miguu yake. Hakukuwa na wimbo. Maumivu yalikuwepo, na dawa ilikuwa imeyapunguza. Aliomba dirisha lifunguliwe, akasikiliza huko nje, akauliza, "Kiunga amefunga mbuzi wake?" Karambu akamwambia amefunga. Mzee alimtupia lile jicho lake mnalolijua, la mtu ambaye hajaamini, kisha akapumua mara chache, na hakupumua tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Embu na wa Nairobi, hasa wale waliokuja nyumbani na dawa za maumivu, kanisa, wanakamati wenzake wa kiwanda, watu wa Nkubu waliosafiri tangu alfajiri, na Eunice, ambaye sasa amekubali kwamba Ndwiga alikufa. Kwa namna ya pekee inamshukuru jirani yetu Kiunga, na inamwomba aondoke pale nyuma alipojificha aje akae hapa mbele na familia, kiti kimeachwa wazi kando ya Karambu. Marehemu alikula ndizi zake zikiwa zimepondwa kwenye uji, mpaka ule mkungu ukaisha, na lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba zilivunwa mapema.

Pumzika kwa amani, Mugendi wa Mutugi, na ukimkuta Mama Igoki mwambie mwisho wako tumeuona wote.