Njia ya Mwitongo

Kwenye Hiace ya Buhemba, mbele yangu, Dorah anayeuza dagaa alimwonyesha simu yake abiria mwenye miwani.

“Kila mwezi inanichoreaga ramani ya nilikopita. Ona, kila wiki napitaga Mwitongo kwa mama yangu, na sijashuka hata mara moja. Kanisani nawaambiaga namtunza.”

“Si uzime lokesheni, dada?” Yule bwana hakukosa dawa.

“Niliwahi kuzima. Nikawa nakumbuka mwenyewe.”

“Basi shuka leo.”

“Na dagaa wangu?”

“Dagaa wameshakufa, dada. Mama bado.”

Dorah akatazama dirishani.

“Mwitongo kuna mtu?” konda akauliza. Gari likasimama. Dorah akavuta magoti pembeni, akampisha mzee wa kiti cha nyuma ashuke.