Spana ya Kutangulia Gari

Sikilizeni wanangu, na wewe mama yao sogea ukae hapa miguuni, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Mbavu zimevunjika, pafu limeingia maji, daktari amesema alichosema, basi msinidanganye kwa nyuso za kuchangamka. Kinyongo sina. Hofu ninayo, lakini si ya kaburi, ninawahofia nyinyi.

Tangu gari liliponigonga uani, wewe kifungua mimba wangu hujasema na mdogo wako ila kumwita muuaji mbele ya wateja wa gereji. Umeapa kwamba nikishazikwa ataondoka nyumba hii, na gari lake la umeme utaliuza kwa bei ya chuma chakavu. Naye kitinda mimba wangu hali, hanywi, amekaa nje ya dirisha kama mgeni. Ingia ndani, binti yangu. Hapa bado ni kwa baba yako.

Umeme wa mtaa umekatika tangu jana. Mmejiuliza mashine hii inayonipa hewa inakoromaje? Ufuateni huo waya. Unapita dirishani, unashuka ukutani, unaingia kwenye gari lilelile lililonivunja, lililoshiba jua la paa la gereji. Pumzi ninayokuonyea, mwanangu mkubwa, nimepewa na mdogo wako. Mnunuzi wako wa chuma chakavu akifika leo kulitazama, mwambie asubiri kidogo nimalize kusema.

Mimi maisha yangu yote nimekula kwa masikio. Injini ikikohoa barabarani, nami nimelala chini ya lori, nilijua ni ya nani na inaumwa nini. Hili jipya halikohoi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wakubwa, na mshindo wenyewe nimeupata mimi mbavuni, nimeinama kuokota nati.

Babu yenu alituachia sheria moja: gari lisitoke uani mpaka mtu alitangulie kwa miguu akigonga spana kwenye chuma, ili watoto, wazee na wasioona wajue kuna kitu kinakuja. Mliicheka, lakini mliifuata. Siku ile mdogo wako aliomba, nami nilimsikia: "Kaka, njoo unigongee." Ukamjibu kwamba kisicho na injini si gari, na wewe hukuzaliwa kulipigia friji spana. Akaita tena. Kisha mizigo ya watu ikamharakisha, akalirudisha gari nyuma bila wa kumgongea.

Usiinamishe kichwa, baba. Najua ndiyo maana hasira yako ni kali hivyo. Sisemi haya ili mzigo wa lawama ushuke kichwa hiki upande kile. Nawapenda wote wawili, na kuwaona hivi kunaniuma kuliko mbavu. Watu husema ajali haina kinga. Ile ilikuwa nayo, mkaiacha benchini.

Sasa urithi. Nyumba ni ya mama yenu, asiulizwe. Gereji ni yenu wawili: sakafu, shimo na vyombo ni vya mkubwa, paa, paneli za sola na pahali pa kuchajia ni vya mdogo. Asiye na paa atalowa, asiye na sakafu ataning'inia. Mafuta yatapanda, yataadimika, na umeme wa nguzo mmeuona wenyewe. Siku hizo mtatafutana tu, basi afadhali msipotezane. Mtaa ukiwa gizani, waya ufike kwanza zahanati, kisha kwa mama yenu. Jirani muuza matairi nimemsamehe kwa ile jeki. Lakini airudishe.

Jeneza langu... nipeni maji... jeneza langu lipakiwe gari lilelile. Binti yangu, utaendesha wewe. Najua hutaki kuushika tena usukani wake, utaendesha. Na wewe mkubwa utamtangulia kwa miguu, ukigonga, kutoka uani mpaka makaburini, na mtu asinyanyue jeneza kabla nyinyi wawili hamjashikana mikono.

Mungu awape masikio ya kusikilizana. Awarudishe salama kila mtokapo. Watoto wenu wavuke barabara... wafike.

Spana iko chini ya mto huu. Ichukue, baba. Tokeni nje, wewe na mdogo wako... gonga, nisikie.

Naam. Hiyo. Polepole... nendeni mpaka getini... bado nawasikia... bado...