Wakili Barnaba Owuor Anavua Joho

Ijumaa tarehe 26 Septemba 1975, Wakili Barnaba Owuor atastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya uwakili kwa miaka ishirini na miwili. Sherehe itaanza saa nane mchana, ili kila mgeni awahi kufika nyumbani mapema.

Mzee Owuor, kama tunavyomwita sote, alifika Kampala mwaka 1953 akitokea Kisumu. Alikuwa kijana mwembamba aliyekwisha kusomea sheria Uingereza, na meza aliyopewa ilikuwa jirani na mlango wa choo. Hakulalamika. Anasema hakuna mkubwa wa ofisi ambaye hakupita hapo, na kwa njia hiyo alifahamiana na wakubwa wote upesi kuliko mwajiriwa mwingine yeyote.

Kazi yake ilikuwa mashauri makubwa ya biashara: wabia waliovunja ushirika, viwanda vya pamba vilivyogombea mikataba, shehena zilizofika zimeharibika. Ni kesi ndefu, zenye mafaili mazito na mashahidi wanaosahau. Mawakili wengi huzikimbia. Yeye alizipenda, na alikuwa na desturi moja ambayo haikubadilika: hakuandika hati ya madai kabla ya kwenda kuiona mali inayogombewa kwa macho yake. Tumemwona akirudi ofisini na unga wa mahindi kichwani, na safari moja akiwa na harufu ya ngozi mbichi iliyowaondoa wateja wawili.

Kesi ya sabuni inakumbukwa na wote. Kiwanda kimoja, mteja wetu, kililalamika kwamba kingine kimeiga karatasi yake ya kufungia sabuni. Mzee alimtuma katibu wetu, Bi Phelister, soko la Kikuubo akanunue sabuni ya mteja wetu. Phelister akarudi na ya mshindani. Akatumwa tena, akarudi na ile ile, tena akiwa amekasirika. Mzee akampandisha kizimbani awe shahidi. Wakili wa upande wa pili alimwuliza kwa dharau kama anajua kusoma. Phelister akamjibu, "Najua, bwana. Lakini wewe nenda Kikuubo, watu wakusukume hivi na hivi, halafu usome." Jaji mwenyewe aliinamisha kichwa kuficha kicheko, na kesi tukashinda.

Mwaka 1972, Waasia walipoamriwa kuondoka, wateja wetu wengi waliihama nchi, na baadhi ya mawakili wakaondoka pia. Jamaa zake wa Kisumu walimwandikia mara nyingi arudi. Aliwajibu kwamba kesi zina tarehe, na tarehe hazihami. Alibaki hapa Kampala, nyumbani kwake Mengo, na mkewe, Mama Aoko, akazibeba kesi zake pamoja na zile zilizoachwa na wenzake.

Lakini shauri tunalojivunia kuliko yote ni la mwaka jana, la Bi Rehemah, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Bi Rehemah aliweka mabati yake yote katika ghala la kampuni moja, na alipoyafuata akakuta sakafu tupu. Kampuni ilimtupia lawama mlinzi wa geti, Ndugu Ojok, mwenyeji wa Gulu, na ikamfukuza kazi kwa jina la mwizi. Ojok peke yake ndiye aliyeweza kueleza kwamba mabati yaliingia, na kwamba geti lilifunguliwa bila kibali cha mwenye mali. Alikubali kutoa ushahidi ili asafishe jina lake. Yapo mambo mengine aliyoyaona, ambayo hayakuwa salama kwake kuyasema.

Bi Rehemah alilijua hilo. Kabla ya kesi kusikilizwa alimwambia Mzee waziwazi, "Mzee, mabati yangu nayataka. Lakini msiba wa mtu sitaki." Mzee akamwahidi kwamba Ojok atasema yanayohitajika kisheria, na neno la ziada halitatoka. Mwenye ghala huwajibika kwa mali aliyokabidhiwa; si kazi ya mdai kueleza ilikwenda kwa nani.

Siku ya ushahidi chumba kilijaa. Kwenye benchi la nyuma walikaa wageni wawili wenye miwani ya jua, ambao hawakuwa na kesi. Ojok alieleza vizuri, kwa ufupi, kama alivyoelekezwa. Ndipo wakili wa kampuni, alipoona anashindwa, akainuka na kumwuliza: lori lililochukua mabati lilikuwa la nani?

Ikiwa Ojok angejibu, kampuni ingepata kisingizio kwamba ilinyang'anywa kwa nguvu, bila yenyewe kumtaja mtu. Yeye angebaki na jibu lake mbele ya wale wageni. Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Mkalimani wa mahakama, aliyekuwa akimtafsiria, alikuwa tayari amefumbua mdomo.

Mzee Owuor akasimama. Hakupandisha sauti. Alimkumbusha jaji kwamba katika utetezi wake wa maandishi kampuni iligeuza maneno, ikasema mabati hayakuwahi kupokewa ghalani, na mtu hufungwa na alichokiandika. "Mheshimiwa Jaji, kitu ambacho hakikufika kinaondokaje? Lakini wakili mwenzangu akitaka kubadilisha utetezi wake, mimi sina pingamizi. Naomba apewe karatasi hapa hapa. Aandike kwa mkono wake jina la huyo anayedai aliyachukua, kisha atie sahihi. Sisi tutasubiri."

Jaji akamgeukia wakili wa kampuni na kumwuliza kama anahitaji karatasi. Yule bwana aliitazama kalamu yake, akatazama benchi la nyuma, akasema hana swali jingine kwa shahidi huyu.

Ojok alipoambiwa ashuke, hakuelewa. "Mzee, sasa mimi nakwenda wapi?" aliuliza.

"Nyumbani, ndugu yangu. Mkeo anangoja."

Bi Rehemah alishinda na kulipwa fidia. Hukumu hiyo ni ndefu, na makarani wapya huisoma kama mfano wa namna ya kuandaa madai. Ila Mzee akiulizwa kuhusu kesi hiyo, hazungumzii fidia. Husema tu kwamba Ojok alifika nyumbani. Ni kweli alifika, na leo anauza mihogo sokoni Kalerwe pamoja na mkewe, Joska. Wote wawili wamealikwa na wamethibitisha kuja.

Mzee ameisoma rasimu ya makala haya, akakata sentensi moja iliyohusu lori. Tumeiacha hivyo.

Mzee wetu, umetufundisha kwamba wakili hodari huyajua maswali yake, na huyajua pia yale ya kuyazuia yasijibiwe. Tunakushukuru kwa kila faili uliloturudishia likiwa na wino mwekundu na maneno yako, "Hiki ni kiapo au ni hotuba ya harusi?" Tunamshukuru Mama Aoko aliyekuvumilia ukirudi na harufu za maghala ya watu. Mungu awape uzee wenye afya, shamba lenye mvua na wajukuu watakaobishana nanyi.

Safari yenu ya kurudi kwenu ni Jumamosi asubuhi. Mkishavuka mpaka na kufika Kisumu, tafadhali tuleteeni habari siku hiyo hiyo.