Mwalimu Dorkasi, Aliyekuwa Nyakiva wa Himaya ya Ukungu

Ndugu, jamaa, majirani wa Sindeni, na nyinyi mliopanda pikipiki tangu Kwamsisi: tunayemzika leo, tarehe 13 Mei 2025, ni Mwalimu Dorkasi Erasto Shemweta, mke wa Julius Semkunde. Amefariki akiwa ametengwa na Meza ya Bwana kwa miaka tisa. Wote mnalijua hilo, kwa hiyo hatutazungukazunguka kana kwamba tunaficha aibu. Aibu hatuna.

Mwalimu Dorkasi alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 huko Bumbuli, mtoto wa pili wa Mwalimu Erasto na Mama Yusta, ambao sasa ni marehemu. Mwaka 1972 familia iliteremka ikahamia Old Korogwe. Neno "wa pili" hakulipenda tangu utoto. Mama yake alisimulia kwamba watoto wakicheza harusi, Dorkasi alikataa katakata kuwa msimamizi. Alitaka awe bibi harusi, na kama nafasi imejaa, basi awe mchungaji.

Alisoma shule ya msingi Old Korogwe kuanzia 1975 hadi 1981, akamaliza kidato cha nne mwaka 1985 na ualimu mwaka 1988. Darasani mara nyingi alishika nafasi ya pili, nyuma ya mvulana mmoja ambaye mpaka uzeeni hakutaka kulitaja jina lake.

Alianza kufundisha hapa Sindeni mwaka 1989. Alikuwa msaidizi wa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na miwili, na wakuu wanne wakapita mbele yake wakimwachia kazi. Mwaka 2011 akawa mwalimu mkuu mwenyewe. Siku hiyo alipika pilau, akaalika hata waliompinga, akawapakulia kwa mkono wake.

Tarehe 27 Juni 1992 alifunga ndoa takatifu na Julius, fundi cherehani, mtu wa maneno machache sana. Watu walijiuliza mwanamke msemaji vile ataishije na mume bubu. Waliishi vizuri. Yeye alisema, Julius akasikiliza, na mambo ya nyumba yakaenda.

Sasa tuje kwa Nyakiva, maana wengine mmekuja kwa ajili yake, msijifanye. Mwaka 2012 Twaha, kijana wa Handeni aliyekuwa akirekodi harusi, alianza kutengeneza filamu za Himaya ya Ukungu. Alimwomba Mwalimu aigize Nyakiva, mchawi mkuu na makamu wa Mfalme Gorogo. Kila likizo alikuwa maporini, kajipaka majivu, akiinua fimbo huku vijana wakipuliza moshi. Nyakiva alikitaka kiti cha Gorogo. Kila sehemu ya filamu alipanga kumpindua, na kila sehemu akakwama karibu na mwisho. Twaha alitaka kumuua katika sehemu ya pili, lakini watazamaji wa vibanda vya video wakaja juu. Nani angemlipia kiingilio Gorogo peke yake?

Balaa lilianza na mbuzi. Mwaka 2016 Mzee Sadala wa Kwamsisi alisafiri kutwa nzima kuja kumwomba Nyakiva dawa ya kurudisha mbuzi wake waliopotea. Mwalimu alimpa uji, akamwambia yeye ni Mlutheri, hana dawa, ila mbuzi hufuata maji, kwa hiyo akaangalie kwenye lambo. Mzee akaenda, akawakuta. Badala ya kulisifu lambo, akamsifu mchawi wa Sindeni kila mnadani. Habari zikafika kanisani, na wazee wa kanisa wakamtaka atubu uchawi mbele ya usharika. Akakataa, wakamtenga.

Mzee Habakuki, mzee wa kanisa, alimletea suluhu. Amwambie Twaha kwamba Nyakiva aokoke katika sehemu ya saba. Akiokoka Nyakiva, na Dorkasi atarudishwa kundini. Mwalimu akamjibu, "Mzee wangu, dhambi zangu ninazo na ninazitubu kila siku. Lakini nikisema nilikuwa mchawi, nitakuwa nimedanganya madhabahuni." Katika sehemu ya saba Nyakiva hakuokoka. Alimpindua Gorogo, akakikalia kiti, na Sindeni nzima ikapiga vigelegele.

Msidhani haikumuuma. Hakukosa ibada hata mara moja, na nyumbani alilia.

Oktoba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kizazi. Alitibiwa Tanga na Dar es Salaam, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, alfajiri, Julius akiwa amemshika mkono.

Juzi Mzee Habakuki alikuja msibani na wenzake. Kwa upole kabisa walisema familia iandike katika wasifu huu mstari mmoja tu, kwamba marehemu alitubu uchawi kabla ya kufa. Hapo mchungaji atakuja, kwaya itaimba na kengele italia. Obadia, mwanawe, alitaka tuandike, mama azikwe kwa heshima, nani angedhurika? Macho yote yakamgeukia Julius. Naye akasema, "Mavazi yote ya Nyakiva nimeyashona mimi, na miaka yote hii mmenipa Meza. Kama yeye alikuwa mchawi, mimi ni nani?"

Wazee waliaga wakaondoka. Jana jioni jibu lilikuja. Mchungaji hatakuja, kengele haitapigwa, na Julius naye ametengwa. Hata hivyo mstari ule haumo humu. Nyimbo tutaimba wenyewe.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Yusta na Obadia, wajukuu wanne, na wanafunzi wengi waliochimba kaburi hili wenyewe, Waislamu kwa Wakristo, bila kuitwa.

Jumapili ijayo Julius atakwenda ibadani kama kawaida, na wenzake watakapoinuka kwenda Mezani, yeye atabaki ameketi.

Bwana, wewe unayemjua kuliko kikao chochote, mpokee mwalimu wetu, apumzike kwa amani.