Kopo la Mama Domitille

Ndugu, majirani na nyinyi marafiki mulioacha kazi zenu kuja kutusindikiza, amahoro, mimi ni Roger, mutoto wa mwisho wa marehemu, na nimepewa karatasi hii kwa sababu dada yangu Beatrisi amesema katika nyumba yetu mwenye mdomo ni mimi, basi leo huo mdomo ufanye kazi.

Mama yetu Domitille alizaliwa tarehe 4 Mei 1961 huko Muhuta, akasoma palepale mpaka mwaka wa sita, nami niliyetoka shuleni mwaka wa tisa nilikuwa nikimtania kwamba nimemuzidi madarasa matatu, naye akijibu kwamba hayo matatu ndiyo yalinimaliza akili.

Tarehe 17 Julai 1982 alifunga ndoa na baba yetu Cikuru, aliyetoka upande wa Kongo akikamua mawese huko Kizuka, wakapata watoto wawili, na baba alipotutoka mwaka 2003, mama alianza kuchoma buroshete, mishikaki ya mbuzi, karibu na soko la Rumonge.

Viungo vyake vilikuwa pilipili ndogo, tangawizi, kitunguu saumu na mbegu za giligilani, alivianika mpaka vikauke kabisa, akavikaanga bila mafuta, kila kimoja peke yake, akavipumzisha wazi kwenye ungo mpaka kesho yake, joto na unyevu vitoke, ndipo akatwanga na chumvi na kufunga ndani ya kopo, na nyama aliipangusa maji kwanza, akaipaka kwa vidole, akaiacha itoe jasho.

Mwaka 2016 nilifungua mahali pangu pa kuchomea nyama, na munajua niliyoyasema, nilisema viungo ni akili yangu mimi, hata wageni wa Bujumbura niliwaambia hivyo, mama akiwa amesimama pale na kopo mkononi, ameniletea. Siku ya arusi ya Beatrisi, tarehe 12 Agosti 2017, aliniomba mbele ya watu niseme tu ni nani anatwanga, nami nikasema bibi huyu amezeeka, sasa anataka sifa, mukacheka, na wengine muliocheka muko hapa.

Mwezi wa Novemba 2024 alianza kuugua figo, akaniita mara tatu anifundishe, mara tatu nikajibu najua, na alipolazwa tarehe 20 Januari 2025 nilikaanga mwenyewe, nikatwanga vikiwa bado moto, nikafunga kopo palepale, nikaenda kumuonyesha baada ya wiki mbili. Alifungua, akanusa ukungu, akaniuliza kama nilivipumzisha, nikasema ndiyo, mama. Akafunga kopo, akageukia ukuta. Alifariki tarehe 9 Machi 2025, saa tatu asubuhi, sikuwa nimerudi tena kumuona, na ile “ndiyo, mama” ndiyo neno la mwisho nililomwambia.

Tunawashukuru waganga wa hospitali na wauguzi waliomuhangaikia, majirani waliotupikia, na wamama wa sokoni waliofunga meza zao leo, murakoze cane.

Tukitoka makaburini tutanawa mikono nyumbani kama desturi, mutapewa nyama, nimeichoma mimi, iko na chumvi tu, kwa sababu kopo lake la mwisho tulilimaliza Desemba na mimi sijui kutengeneza jingine, basi mukiona haina ladha musiulize, mwenye viungo ndiye huyu tunayemuzika.

Pumzika kwa amani, mama.