Mfupa Umetoka Wapi? Maisha ya Marlys Kallio

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Cloquet, nanyi wenzake wa ofisini mliokuja kutoka Duluth na barabara zikiwa barafu tupu, mimi ni Wayne Kallio, mdogo wake Reino, na nimepewa kazi ya kusoma maisha ya shemeji yangu Marlys, kazi ambayo ningefurahi kumwachia mwingine, kwa sababu sehemu yake ya katikati siielewi mpaka leo.

Marlys Elaine Lindgren alizaliwa tarehe 17 Machi 1949 huko Moose Lake, mtoto wa tatu wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, akasoma hapohapo hadi kumaliza sekondari mwaka 1967, na mwaka 1971 akaajiriwa katika chumba cha mafaili cha hospitali moja ya Duluth, ambako kuanzia 1988 alikabidhiwa upasuaji wa uti wa mgongo, si kupasua, la hasha, bali kusoma alichoandika daktari na kukipa namba, ili bima ijue kilichofanyika.

Hapa ndipo ninapopotea, mnivumilie. Pingili za mgongo zinapoungwa huwekewa mfupa, na mfupa huo ukitolewa kwenye kidonda kilekile una namba yake, ukitolewa nyongani kwa kukata mahali pengine una namba nyingine, ukiwa wa marehemu aliyejitolea una nyingine tena, na tukifika hapo mimi nilikuwa naomba kahawa. Daktari akiandika "mfupa wa mgonjwa" akanyamaza, Marlys alimwuliza, "Mfupa umetoka wapi?", swali ambalo wajukuu walilisikia kwenye simu mpaka wakawaambia walimu wao kwamba bibi ni polisi. Siku moja nikamwambia, shemeji, si umwulize tu kama alikata nyonga, aseme ndiyo, yaishe? Alinitazama kana kwamba nimemwaga supu mezani kwake. Na asubuhi hii, chini kanisani, Bev Sundquist aliyekaa naye ofisi moja akanikemea, "Wewe Wayne, hairuhusiwi kumlisha daktari maneno! Unauliza wazi, halafu unasubiri." Asante, Bev, lakini bado sijaelewa.

Alifunga ndoa na kaka yangu Reino tarehe 14 Oktoba 1972, kanisa hilihili, na sijui kama kazi ndiyo iliyomfundisha au alizaliwa hivyo, maana Februari ya mwaka huo, wakivua samaki juu ya barafu ya ziwa, alimwuliza Reino, "Mwaka huu una mpango gani?", naye kaka yangu, mtu wa kiwanda cha karatasi, akajibu kwamba atabadilisha betri ya gari. Marlys akasema haya, akaendelea kuvua, akamngoja mpaka Agosti, kaka yangu alipomposa mwenyewe. Walijaliwa watoto wawili, Kristi mwaka 1975 na Dale mwaka 1978, na Kristi ananiambia, "Mama hakuwahi kutuuliza kama tunampenda. Aliuliza, 'Leo mmeonaje?', sisi tukamwambia chakula kina chumvi."

Oktoba iliyopita aligundulika kuwa na kansa ya kongosho, akakataa kulazwa, akauguzwa nyumbani hadi alipofariki asubuhi ya tarehe 9 Januari 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Reino. Jumamosi iliyotangulia alifumbua macho akamwuliza, "Reino, unataka kuniambia nini?" Reino akajibu, "Nimeshaondoa theluji mlangoni, gari la nesi litapita." Akasema, "Haya, vizuri," akafumba macho, na hakusema neno tena. Tangu hapo kaka yangu hali, halali, kila anayeingia anamwuliza, "Alitaka nimjibu nini?", amemwuliza mchungaji, amemwuliza nesi, amemwuliza hata aliyekuja kuchukua mitungi ya oksijeni, nami nimemwambia sijui, kwa sababu kweli sijui, na inaniuma.

Tunawashukuru daktari na manesi waliokuja hata siku za dhoruba, majirani walioleta mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga mpaka friji ikagoma kufungika, na wenzake wa ofisini, hasa Bev, ambaye Reino alimwuliza naye asubuhi hii, kahawa mkononi.

Bev alimwambia, "Hakuwa na jibu lake kichwani, Reino. Angekuwa nalo, angekuuliza ndiyo au hapana. Alitaka lako wewe."

Reino akasema, "Basi nimechelewa."

"Madaktari wanachelewa kila siku," Bev akasema. "Wanaongeza maelezo baadaye kwenye faili. Wanataja jina lao na tarehe ya siku wanayoongeza, hawajifanyi kwamba walisema mapema. Tunapokea."

Sijui kama nimeelewa, ila Reino anasema yeye ameelewa. Haya, kaka. Simama, nimekushika.

"Leo ni tarehe kumi na tatu Januari. Mimi ni Reino Kallio. Marlys, uliniuliza nataka kukuambia nini. Nilitaka kukuambia usiende. Nilitoka nje kwenye theluji kwa sababu ningebaki pale kitandani ningelia mbele yako. Nakupenda. Sikuwahi kukuambia, hata mara moja. Nimechelewa, najua."

Umeshajibiwa, shemeji. Pumzika kwa amani.